Fundi wa Tabata anauliza: nishati safi itatuachia kazi gani?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni fundi magari hapa Tabata, huu mwaka wa 17 niko gereji. Mke wangu anauza mkaa nyumbani. Kila nikiwasha redio ni nishati safi: treni ya umeme, bajaji za umeme, magari ya gesi, watu waache mkaa. Mwezi huu nimeletewa haibridi mbili, yale magari ya petroli na umeme kwa pamoja, zote nimezirudisha kwa sababu sizijui. Binti yetu amemaliza kidato cha nne, tangu darasa la tano ananishikia spana, na sasa anataka kusomea ufundi magari. Je, nimpeleke kwenye kazi inayokufa? Na sisi wazazi wake tutakula wapi?

JIBU: Fundi, salama, na asante kwa kuuliza waziwazi. Nianze na binti, maana yeye ndiye mwenye miaka mingi mbele. Mpeleke. Ila asisomee injini peke yake. Asomee umeme wa magari, na injini aje kuimalizia kwako gereji, kwa sababu hiyo mwalimu wake yuko nyumbani tayari. Sababu nitakueleza kwa kutumia magari yale yale uliyoyarudisha.

Ukinyanyua kiti cha nyuma cha Toyota Aqua utakuta betri kubwa ambayo haihusiani na kuwasha taa wala redio. Ndani yake zimepangwa betri ndogo 20, kila moja volti 7.2, jumla volti 144. Prius zile zilizojaa mjini zina 28, jumla volti 201.6. Gari likianza kuwasha taa ya onyo na kunywa mafuta kuliko zamani, mara nyingi ni betri ndogo moja au mbili zimechoka, nyingine zote bado nzima. Fundi anayejua anafungua, anazipima moja moja kwa mita na kuandika. Saba nukta nane, saba nukta tisa, saba nukta nane, halafu moja imelala kwenye sita nukta sita. Hiyo ndiyo mgonjwa. Anaibadilisha, anasawazisha chaji, anafunga. Nusu ya siku imekwenda kwenye kupima na kuandika, mikono haijagusa oili, na mteja analipa vizuri kwa sababu bila yeye angeambiwa anunue betri nzima.

Lakini kuna jambo lazima nikuambie. Niliwahi kusimama kwenye gereji moja huko Ilala, kijana hodari kabisa wa injini amefungua betri ya namna hiyo bila kuchomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri, hana glovu, pete kidoleni. Spana yake ikagusa ncha mbili kwa mpigo. Mwanga ule sijausahau. Kichwa cha spana kiliyeyuka, chembe ya chuma cha moto ikamrukia mkononi. Alipona, Mungu mkubwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari haya ndizo zenye umeme mkubwa, na kwamba ukishachomoa plagi unasubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe ndipo uguse. Maneno ya dakika moja, yangemwepusha. Kwa hiyo usione aibu kwamba ulizirudisha haibridi zile. Ulifanya sawa. Kinachobaki ni kujifunza ili usizirudishe tena.

Kuhusu gereji yako kwa ujumla, chukua daftari uandike kazi zote ulizofanya mwezi uliopita. Upande mmoja weka oili, filta, plagi, gasketi, klachi, pampu ya mafuta, rejeta, sailensa. Upande wa pili weka bushi, shokapu, bolijointi, tairi, breki, AC, waya, bodi. Gari la umeme likija, upande wa kwanza karibu wote unakwenda. Halina pistoni, halina valvu, halina cha kubadilishiwa oili kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Upande wa pili unabaki, na sehemu yake inakua: gari la umeme ni zito kwa sababu ya betri, na mashimo ya barabara za mitaa ya Tabata hayaulizi gari linatumia nini. Tairi na bushi zitakuwa na kazi. Breki zitapungua kidogo, kwa kuwa mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo. Nikisoma madaftari ya mafundi ninaowafahamu, wengi wanajikuta katikati, ila wachache ambao maisha yao yote ni kushusha na kupandisha injini wana sababu ya kuhangaika.

Na hata hao wana muda. Magari yetu mengi yanakuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, halafu hapa tunayalea miaka 15, mengine 20. Gari la petroli linaloshushwa bandarini wiki hii linaweza kuwa bado linatafuta fundi mwaka 2040. Atakayeguswa mapema ni fundi wa bajaji na bodaboda. Chombo kidogo kinazunguka mjini mchana kutwa, dereva anahesabu mafuta kila jioni, kwa hiyo akipata cha umeme kinachomwachia hela zaidi mfukoni atahama bila kushawishiwa na mtu. Yule anayeishi kwa kumwaga oili ya bajaji na kubadilisha nyaya za klachi chini ya mti, yeye ndiye ningemwambia aanze leo kujifunza betri, mota, na kontrola inayoongoza umeme wa mota.

Gesi asilia ni kituo cha katikati. Gesi ya Songo Songo inazalisha umeme wa Dar tangu 2004, baadaye likaja bomba kutoka Mtwara, na sasa gesi hiyo iko kwenye bajaji na teksi zetu. Ni safi kuliko petroli, lakini nayo inachimbwa na inachomwa. Nisingejenga maisha yote ya binti wa miaka 18 juu yake. Kwako wewe ni habari nyingine: injini ni ile ile unayoijua, unaongeza mtungi, regyuleta, mabomba na kompyuta ndogo ya kugawa gesi. Chuo cha DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ni kati ya waliotangulia kufunga mifumo hiyo hapa mjini, waulize. Usijifunzie kwa kuangalia mwenzako, tafadhali. Mtungi ule unajazwa kwa mgandamizo kama mara 80 ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo.

Sasa tuje kwa mama wa nyumbani kwako, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mambo ya nishati na ajira yakizungumzwa mezani, watu kama yeye hawatajwi.

Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba biashara ya mkaa Tanzania ilikuwa inazungusha dola milioni 650 kwa mwaka, ikilisha watu laki kadhaa, na kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa nchi ulikuwa unaishia Dar es Salaam. Ufuate mkaa mmoja tu kurudi nyuma. Kuna aliyekata mti na kulichoma tanuru huko Kisarawe, Rufiji au Kilosa. Kuna kijana wa pikipiki mwenye magunia yaliyomzidi urefu. Kuna Fuso ya usiku, vibarua wa kupakua, dalali, mwenye stoo, kisha mkeo na kisado chake, anampimia jirani ambaye mfukoni ana hela ya chakula cha leo tu. Kila mkono umebakiza kitu. Hakuna hata mmoja katika hao mwenye barua ya ajira.

Nchi nyingine zinapolia kuhusu kazi zinazopotea kwa nishati safi, zinalilia makaa ya mawe. Ujerumani ilikuwa na wachimbaji kama 600,000 wa makaa magumu mwaka 1957, na mgodi wa mwisho ukafungwa Bottrop Desemba 2018. Safari ya miaka 60, na watu wengi walistaafishwa mapema kwa malipo. Afrika Kusini walikwenda haraka zaidi. Kituo cha umeme cha Komati, mkoani Mpumalanga, kilizimwa Oktoba 2022. Wengi wa wafanyakazi wenye ajira ya kudumu walihamishiwa vituo vingine. Walioumia ni vibarua, wafanyakazi wa wakandarasi, na wenye vibanda waliokuwa wanawauzia chakula, na malalamiko yao yalikuwa wazi: kazi za zamani zimeondoka, zile mpya tulizoahidiwa ziko wapi?

Sisi gridi yetu haiendeshwi kwa makaa ya mawe. Mkaa wa miti ndio Mpumalanga yetu, tena imetawanyika uani kwa watu, haina uzio wala geti la kubandika notisi. Biashara ya mkeo ikifika mwisho hatapewa kiinua mgongo. Ataona tu gunia lililokuwa linakwisha kwa siku mbili linakaa wiki nzima.

Na dalili zipo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mimi nalitaka lengo hilo kwa moyo wote. Nimelelewa kwenye jiko la moshi na nimemsikia mama yangu akikohoa. Lakini ningependa kila penye mpango wa kugawa mitungi ya gesi pawe na daftari la wauza mkaa wa mtaa huo, na wao wawe wa kwanza kupewa uwakala na mkopo wa kuanzia. Wateja wanawajua kwa majina. Wanajua nani analipa Ijumaa na nani ana mgonjwa ndani. Ujuzi huo hauuzwi dukani, na ni hasara kuuacha upotee.

Kwa nini mkeo hajahamia gesi hadi leo? Kwa sababu gesi haipimwi kwa kisado. Mteja wa mkaa ananunua moto wa siku moja. Mtungi, hata ule mdogo wa kilo 6, unataka hela ya wiki kadhaa kwa mkupuo. Ndiyo maana mitungi yenye mita, ambayo mteja analipia kidogo kidogo kwa simu, imepata watu hapa Dar. Imetengeneza na kazi zake: wa kufunga, wa kupeleka mtungi, wa kupokea simu mteja akilalamika. Angalia pia jiko la umeme la presha. Sufuria la maharage, ambalo ndilo linalokula mkaa kuliko chakula kingine chochote, kwenye jiko lile halimalizi nusu uniti. Uniti ya mtumiaji wa kawaida mjini ni kama shilingi 350, kwa hiyo maharage yanaiva kwa chini ya shilingi 200. Wateja wa mkeo wakishaiona hesabu hiyo, watakaobaki naye ni wa kuchoma nyama na wa siku umeme umekatika.

Asifunge biashara. Aandike kwa mwezi mmoja nani ananunua nini na kwa ajili ya chakula gani. Kisha aanze na mitungi michache ya kubadilisha, akiwa wakala wa msambazaji anayetambulika, na amuulize msambazaji huyo taratibu za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kabla hajaweka hata mtungi mmoja. Mitungi isikae stoo moja na mkaa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya, na gunia la mkaa linaweza kuwa na cheche iliyolala ndani. Mahali pa mitungi ni nje, penye upepo.

Kwenye sekta nyingine nitapita haraka. Ujenzi hutoa kazi nyingi kisha unazichukua. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Kulijenga kulihitaji maelfu ya watu, kuliendesha kunahitaji kikosi kidogo cha mafundi. Ajira za umeme ule usizitafute bwawani. Zitafute kwa kinyozi wa Buguruni, kwa fundi wa kuchomelea mageti, kwa dada mwenye friji ya juisi, watu ambao mgao wa umeme ulikuwa unawalaza mchana. Mgao huo huo ndio uliokuwa unamlisha fundi jenereta wa Kariakoo. Yeye sasa anatakiwa kugeukia paneli na inveta, na ninawafahamu waliogeuka wakafanikiwa, maana waya walikuwa wanaujua tayari.

Treni ya umeme ilipoanza safari za Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, ilileta kazi za madereva, mafundi wa njia ya umeme na wahudumu wa stesheni. Kisha fikiria mama anayeuza mahindi ya kuchoma Chalinze, ambapo mabasi husimama lakini treni haisimami. Yeye hayumo kwenye hesabu ya sekta ya nishati, lakini nishati imemgusa.

Duniani, takwimu za IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, na Shirika la Kazi Duniani zinaonyesha kazi milioni 16.2 kwenye nishati jadidifu mwaka 2023, na China peke yake ilikuwa na milioni 7.4. Zimekwenda huko kwa sababu paneli na betri zinatengenezwa huko. Sisi tuna madini ya kinywe, yaani grafaiti, kule Lindi na Mahenge, tuna nikeli ya Kabanga, vyote vinaingia kwenye betri. Yakitoka kama udongo ndani ya makontena, tutabaki na kazi za kuchimba na kuendesha malori. Kazi nzuri ziko kwenye kusafisha na kutengeneza, na hilo mimi na wewe hatuwezi kulifanya gereji, ila tunaweza kuliuliza kila mgombea anapokuja kutuomba kura.

Nirudi kwa binti. Kama kuna mjomba anayesema gereji si mahali pa msichana, mwambie kazi za umeme jua duniani zina wanawake asilimia 40, karibu mara mbili ya sehemu yao kwenye mafuta na gesi. Kupima, kuandika na kutopuuza hatua ndogo ndiyo roho ya kazi hii mpya, na mtoto aliyekushikia spana miaka yote hiyo ameshaonyesha kwamba ana subira.

Wewe mwenyewe, fundi, usibaki bila cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa kile ulichokijua kazini, penye upungufu unaongezewa, unapewa cheti. Kampuni zinazoingiza magari na pikipiki za umeme zitahitaji gereji za kushirikiana nazo, na swali la kwanza litakuwa karatasi. Na siku mtakapotaka kufunga umeme jua kwenye nyumba za watu, leseni ya kufunga umeme inatolewa na EWURA, mtu aliyesomea ndiye anayeipata. Mmoja wenu awe nayo, na ningependa awe binti.

Kabla hujalipa ada, nenda naye chuoni, iwe VETA Chang'ombe au kwingine, mkaombe kuiona karakana yenyewe. Angalieni kama kuna gari la haibridi, au walau betri na mota za kufungulia. Chukueni glovu za umeme, mkunje mdomo wake na kuzibana hewa ndani. Zikivuja, hazifai. Muulizeni mwalimu mara ya mwisho wanafunzi waligusa vitu hivyo kwa mikono yao ilikuwa lini. Akiwaonyesha mchoro ubaoni, endeleeni kutafuta. Akimpa binti mita mkononi na kumwambia apime, lipa.